Shingo ya Karani na Kanuni ya Wenzo

Maumivu ya karani hayakuanza na kompyuta. Mwaka 1713 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, katika toleo la pili la kitabu chake juu ya maradhi ya wafanyakazi, aliandika kwamba makarani huumwa kwa sababu tatu: kuketi mfululizo, kurudia mwendo ule ule wa mkono, na kuikaza akili ili wasikosee. Kalamu ya unyoya imetoweka. Sababu zile zimebaki mezani.

Tuitazame shingo. Kichwa cha mtu mzima kina masi ya kilo 5 hivi, yaani uzito wa karibu nyutoni 50. Tukichukua pingili za chini ya shingo kuwa egemeo, uzito huo huning'inia mbele yake, na misuli ya kisogo huvuta kwa nyuma. Kwa kurahisisha hesabu, tuseme misuli huvuta umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye egemeo. Uzito ukiwa sentimita 2 mbele, kani inayotakiwa ni 50 × 2 ÷ 5, yaani nyutoni 20. Karani akisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta hata uzito ukafika sentimita 8 mbele, kani huwa nyutoni 80. Kichwa ni kile kile, lakini kazi ya misuli imekuwa mara nne.

Hapo ndipo wengi wetu walimu huishia, tukaamuru: "Kaa wima!" Amri hiyo haitoshi. Nyutoni 80 si mzigo wa kutisha. Mchukuzi wa sokoni hubeba mkubwa zaidi. Tofauti ni kwamba yeye hutembea. Msuli unaojikaza na kulegea husaidia kusukuma damu. Unaojikaza bila kulegea huchoka upesi, na ukijikaza sana huibana mishipa yake wenyewe ya damu.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Wanafunzi wawili wanyooshe mkono mbele, kila mmoja ameshika chupa ya lita moja ya maji. Mmoja atulie, mwingine ainue na kushusha polepole. Saa itaonyesha nani atangulie kuiweka chini.

Nilipoandika tasnifu yangu ng'ambo nilikalia kiti cha bei kubwa, nikapata maumivu ya bega vile vile, kwani kiti hakikunikumbusha kuinuka. Kila nusu saa mtu asimame, hata kwa dakika moja. Ukingo wa juu wa kioo uwe karibu na usawa wa macho, viwiko viwe karibu na mbavu, na kifundo cha mkono kinyooke, maana kano za vidole hupita hapo katika njia nyembamba pamoja na neva. Vidole vikifa ganzi mara kwa mara, mgonjwa amwone daktari.

Zoezi: Katika kompyuta ya kupakata, kioo na vibonye vimeunganishwa. Eleza kwa nini shingo na mikono haviwezi kustarehe pamoja, kisha kokotoa kani ya misuli uzito wa kichwa ukifika sentimita 10 mbele.