Aibu Inavyoingia Mwilini

Ukisema kwamba umaskini huleta sonona, watu huitikia kwa kichwa kana kwamba jambo hilo linajieleza. Halijielezi. Ubongo hauna njia ya kujua mfukoni mna shilingi ngapi. Kama ukosefu wa fedha unafika hadi kuwa ugonjwa wa akili, basi kuna njia unayopitia, na inafaa tuifuate hatua kwa hatua.

Tuanze na hatari ya kawaida. Mtu anakanyaga karibu na nyoka. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari nayo hutuma homoni yake kwa njia ya damu hadi tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga homoni ya kotisoli. Kotisoli huongeza sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu, na huahirisha kazi za mwili zinazoweza kungoja. Kisha ikifika kwenye ubongo hupunguza amri iliyoianzisha, kama breki. Nyoka amekwenda zake, mwili umetulia.

Utaratibu huo unafaa kwa hatari inayopita. Kodi ya nyumba haipiti. Ukilipa hii inakuja nyingine, na ada ya mtoto, na deni la dukani, na marejesho ya mkopo wa kausha damu, yaani ule wa riba ya kuumiza. Mfumo uliokusudiwa kufanya kazi kwa dakika chache unabaki umewashwa kwa miezi na miaka, na ile breki ya ubongo inalegea. Usingizi unakatika, kumbukumbu inapungua, na vitu vilivyokuwa vikimpendeza mtu havimpendezi tena. Hapo ndipo sonona inapopata mlango.

Lakini ni hatari ya namna gani inayouwasha mfumo huu kwa nguvu zaidi? Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walieleza jaribio ambalo bado linatumika duniani kote. Mtu mwenye afya njema anaambiwa ajieleze kwa dakika 5, kana kwamba anaomba kazi, mbele ya jopo la watu wasiotabasamu wala kuitikia. Akimaliza, anatakiwa kuanzia 1,022 na kutoa 13, kisha 13 tena, kwa sauti; akikosea anaanza upya. Hakuna anayempiga wala kumnyima chakula. Hata hivyo, kotisoli ilipanda mara 2 hadi 4.

Mwaka 2004 watafiti Sally Dickerson na Margaret Kemeny waliyaweka pamoja matokeo ya tafiti 208 za maabara. Ugumu wa kazi peke yake haukuipandisha kotisoli sana. Iliyopanda kuliko zote ni ya watu waliokutwa na mambo mawili kwa pamoja: kutazamwa na kupimwa thamani na wengine, na kutokuwa na uwezo wa kubadili matokeo.

Mambo hayo mawili ndiyo siku ya kawaida ya maskini. Mama anayemwomba mwenye duka amwandikie tena kwenye daftari, wateja wengine wakisikiliza, amesimama mbele ya jopo. Washiriki wa Trier hurudi nyumbani jioni ile ile. Yeye atarudi dukani kesho. Wala hali hiyo si ya nchi moja: mtafiti Robert Walker na wenzake walizungumza na maskini wa Uganda, India, China, Pakistan, Korea Kusini, Uingereza na Norwei, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Maisha ya watu hao yalitofautiana sana, lakini aibu waliyoieleza ilifanana mno: kujifanya wanazo, kuwakwepa majirani na ndugu, mwisho kukata tamaa.

Msomaji makini atauliza: je, si ugonjwa ndio unaofukarisha? Ndiyo, nao hufukarisha. Mgonjwa hupoteza kazi na hutumia akiba. Kwa hiyo tunahitaji kisa ambamo fedha ziliingia bila kujali nani mgonjwa. Kisa hicho kipo. Mtafiti Jane Costello na wenzake walikuwa wakiwafuatilia watoto 1,420 katika milima ya North Carolina, Marekani, tangu 1993. Utafiti ukiendelea, Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili wa huko, walifungua kasino, na kila mwanakabila akaanza kupata gawio. Kwa watoto waliotoka kwenye umaskini, ukaidi na uchokozi vilishuka hadi kufikia kiwango cha wenzao ambao hawakuwahi kuwa maskini. Wasiwasi na sonona havikushuka katika miaka hiyo, na ni haki kulisema hilo pia. Kwa watu wazima, ushahidi uko karibu nasi: huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya 2011 na 2013 zilipewa fedha bila masharti. Furaha iliongezeka, sonona na msongo wa mawazo vikapungua.

Unyanyapaa unamwongezea mgonjwa aibu ya pili. Akishaitwa kichaa, hata dawa ikimsaidia, jopo halimwondoki. Anaficha dalili, anachelewa kliniki, anakosa kazi, na umaskini unazidi. Hata sheria imewahi kuiongeza aibu hiyo: Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba.

Si kila mmoja wetu ana fedha za kugawa. Ila jopo ni sisi. Mwalimu, usiwataje wanaodaiwa ada mbele ya darasa. Mweka hazina wa kikundi, usisome majina ya walioshindwa kuchanga. Muuguzi, muulize mgonjwa habari za fedha pembeni, si dirishani mbele ya foleni. Kufanya hivyo hakugharimu hata senti, na tunaweza kuanza kesho asubuhi.