Majipu ya kwapani na kadi ya uzazi wa mpango

Mwanamke wa Kunduchi anayeota majipu kwapani, kinenani au chini ya matiti, yanayopasuka, kukauka, kisha kurudi palepale na kuacha makovu, huambiwa aoge vizuri na aache wembe. Mimi ningeanza na swali jingine: anatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Ugonjwa huo, hidradenitisi sapurativa, hauambukizi wala hautokani na uchafu. Vinyweleo huziba na kupasuka ndani ya ngozi, kinga ya mwili ikapandisha uvimbe usiokwisha. Homoni zina mkono wake humo: mara nyingi huanza baada ya kubalehe, na wanawake wengi huona majipu yakizidi siku za kukaribia hedhi.

Hapo ndipo sindano ya miezi mitatu inapoingia. Sindano hiyo, Depo-Provera, ina homoni ya projestini peke yake, tena ya aina yenye tabia kidogo za homoni za kiume. Levonorgestreli, projestini ya vijiti vya kupandikiza vya Jadelle, nayo ni hivyo hivyo. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani na Kanada wa 2019 unatahadharisha kwamba njia za projestini pekee huenda zikauchochea ugonjwa, ilhali vidonge vya majira vyenye estrojeni huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu. Utaniambia ushahidi huu ni mwepesi. Ni kweli, sehemu kubwa ni taarifa za wagonjwa wachache. Ndiyo maana sisemi sindano ni mbaya. Wapo wasiodhurika nayo kabisa. Nasema kila mgonjwa ajichunguze. Kadi ya kliniki tayari ina tarehe za sindano, basi andika kando yake tarehe za hedhi na za kila jipu, mpaka sindano mbili au tatu zipite. Jipu moja halithibitishi kitu. Yakifuatana na sindano kila mara, hilo ni la kumwonyesha daktari wa ngozi, hata kwa rufaa ya Hospitali ya Muhimbili.

Pingamizi zito ni kwamba maneno haya yatawatia wanawake hofu waache kinga ya mimba, na wengine walichagua sindano kwa sababu haiachi pakiti ndani ya droo ya kuonwa na mwingine. Nakubali, kwa hiyo usiache njia moja kabla hujapata nyingine. Kitanzi cha shaba hakina homoni, ingawa hedhi inaweza kuwa nzito. Vidonge vya estrojeni havimfai mwenye presha, aliyewahi kuganda damu, wala mvutaji sigara aliyevuka miaka 35. Na kuna mtego: ugonjwa huu hutibiwa pia kwa rifampisini, dawa ileile ya kifua kikuu, ambayo hudhoofisha vidonge na vijiti, lakini sindano haiiathiri sana. Aliyehama sindano kuokoa ngozi anaweza kujikuta mjamzito katikati ya dozi. Kwa hiyo dada, mtajie daktari wa ngozi njia yako ya uzazi wa mpango, na umtajie nesi wa uzazi wa mpango dawa zako za ngozi, hata kama hakuna aliyekuuliza.