Kashata, Maandazi na Mahindi kwa Wageni wa Kibomet

Huko Kibomet, jirani ya mji wa Kitale, mtoto akibatizwa au binti akiletewa posa, wageni hutazamia chai ya maziwa na kitu cha kutafuna. Vitu hivyo hupatikana dukani, lakini mama mwenye njugu, sukari, unga na jiko huweza kuandaa karamu kwa gharama ndogo zaidi.

Mpishi wa huko hana budi kukumbuka kimo cha nchi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mombasa maji huchemka yafikapo digrii 100; Kitale huchemka kwa digrii 94 hivi. Kwa sababu hiyo, maelezo ya upishi yaliyotungwa pwani hayafai kufuatwa huko juu bila kuangaliwa.

Tuchukue kashata. Hutakiwa vikombe viwili vya njugu zilizokaangwa na kumenywa, kikombe kimoja na nusu cha sukari, nusu kikombe cha maji na iliki kidogo iliyopondwa. Sukari na maji huchemshwa pamoja. Kitabu kikitaja digrii za shira, mpishi wa Kitale apunguze kama digrii 6, ama sivyo sukari itaungua. Wengi hawana kipimo hicho, wala hawakihitaji: tone la shira hudondoshwa katika maji baridi. Likiwa laini kama nta, bado. Likivunjika kwa mlio, tayari. Hapo njugu na iliki hutiwa upesi, vikakorogwa, vikamwagwa juu ya sinia iliyopakwa mafuta na kukatwa vingali moto. Watoto wakae mbali, kwa kuwa shira hushika ngozi na kuunguza kuliko maji ya moto.

Lakini kazi kubwa ya kashata hutangulia moto, nayo ni kuchagua njugu. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya kuvu itupwe. Kuvu hiyo huweza kuzaa sumu iitwayo aflatoksini, inayodhuru ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Njugu mbovu asipewe ng'ombe wa maziwa pia, kwani sumu hupita hata ikafika katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo yatakayotiwa katika chai ya wageni. Zinunuliwazo sokoni Bungoma au kwingineko zianikwe vizuri, kisha ziwekwe mahali pakavu, juu ya kichanja, si sakafuni.

Maandazi hayana mashaka mengi. Unga wa ngano, sukari, hamira, maziwa ya vuguvugu na samli kidogo hukandwa mpaka donge liwe laini. Baridi ya asubuhi hulichelewesha kuumuka, basi liwekwe karibu na jiko, na mpishi atazame donge lenyewe wala si saa: likiwa maradufu, lisukumwe na kukatwa.

Mgeni asiyependa vitamu hupewa mahindi na maharagwe, chakula kisichopungua Trans Nzoia. Nafaka hizo hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, kisha huchemshwa kwa moto mkali katika maji mapya. Maharagwe mekundu yasiyoiva huumiza tumbo vibaya. Na kwa kuwa maji ya Kitale hayafikii joto la pwani, yapikwe muda mrefu zaidi mpaka yapondeke baina ya vidole viwili. Ndipo hukaangwa kwa vitunguu, nyanya na chumvi. Nyanya zikitangulia, maganda hukaza.

Kashata zilizopoa hutiwa katika kopo lenye kifuniko cha kubana, hasa wakati wa mvua, maana sukari hunywa unyevu wa hewa na kunata. Maandazi yaliwe siku ile ile au kesho yake.