Sanamu Ndogo za Sufu: Kiboko wa Katuma

Wasomaji, kwanza yafaa tutenge maneno mawili yanayofanana. Sufi ni ile ya mti wa msufi, tunayoijaza katika mito ya kulalia. Sufu ni manyoya ya kondoo. Mtu akikosea akatwaa sufi kwa kazi hii, atachoma sindano kutwa nzima, na jioni hana kitu ila vumbi. Sababu yake ndiyo mwanzo wa somo letu.

Unyoya mmoja wa sufu ukitazamwa kwa hadubini huonekana una magamba madogo kama ya samaki, yote yameelekea kwenye ncha. Ukisukumwa katikati ya wenziwe, magamba hushikana, wala haurudi ulikotoka. Sufi ni laini tupu, na pamba kadhalika haina magamba; kwa hiyo hazishikamani.

Kondoo wetu wa Mpanda wenye mkia wa mafuta wana nywele fupi, hawana sufu ya kazi hii. Sufu nzuri hutoka kwa kondoo wa nchi za baridi. Jirani zetu wa Njoro, nchini Kenya, wanayo. Huko, katika kazi iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa jina la Kenana Knitters, wanawake husokota sufu, huitia rangi za mimea, na hufuma wanyama wadogo wa kuchezea. Ufundi wa leo ni ndugu ya huo, ila haufumwi. Sufu huchomwa tu kwa sindano. Sindano hizo zilitengenezwa kwanza kwa mashine za viwanda katika karne ya 19, na katika miaka ya 1980 watu wa Marekani wakaanza kuzishika kwa mkono. Lakini sanamu ya sufu si jambo geni duniani. Katika makaburi ya Pazyryk, huko Siberia, wachimbaji walitoa mabata maji ya sufu yaliyolala katika barafu zaidi ya miaka 2,000.

Kutia rangi

Twaa gramu 100 za sufu iliyooshwa. Yeyusha gramu 12 za shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, katika sufuria ya maji. Tia sufu iliyokwisha loweshwa, upashe moto polepole kwa muda wa saa moja, wala maji yasitokote. Kisha epua, uiache ipoe humo humo. Shabu ndiyo inayoishikisha rangi isitoke kwa maji.

Rangi nyekundu tunayo kwetu katika mti wa mkurungu. Usiukate mti. Nenda kwa seremala mwenye mbao halali, umwombe unga wa msumeno. Rangi yake haiyeyuki sana katika maji, basi changanya unga na sufu yenyewe katika sufuria moja, upashe moto taratibu. Sufu ikikauka, kung'uta unga. Rangi ya manjano hupatikana kwa maganda ya vitunguu. Rangi ya kijivu hupatikana kwa chai nzito, kisha maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa katika siki. Maji haya ya kutu yawe kidogo, maana chuma kingi hula sufu.

Jihadhari na jambo moja. Mara yangu ya kwanza niliikoroga sufu kama mtu asongaye ugali, kisha nikaitia ghafula katika maji baridi. Nilitoa bonge moja gumu lisilofaa hata kusugulia chungu. Joto, maji na msukosuko hushikamanisha magamba kabla ya wakati wake.

Kuumba kiboko

Gramu 10 zatosha sanamu ya urefu wa kidole. Weka kipande cha sifongo nene juu ya meza. Viringisha sufu ya kijivu kama yai, kaza kwa vidole, ndipo uchome. Sindano hii ina pembe tatu, na kila pembe ina vijino vinavyosukuma sufu ndani. Ingiza na kuitoa kwa mstari ulionyoka. Ukiipinda ndani ya sufu itavunjika. Geuza sanamu kila mara, ama sivyo upande mmoja utabonyea. Mwili ukiwa mgumu kama limau, fanya kichwa na miguu minne mifupi. Acha manyoya malegevu penye maungio, uyachome mpaka yaingie mwilini. Mwisho tia sufu nyekundu iliyofifia chini ya tumbo na pembeni mwa macho, kama alivyo kiboko wa kweli.

Walimu, zihesabuni sindano kabla ya somo na baada yake, wala msiwape watoto wadogo.

Kwa nini kiboko? Kwa sababu mtoto wa Katavi aweza kumtazama mwenyewe. Wakati wa kiangazi mto Katuma hupungua sana, na viboko wa Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, hujibana kwa mamia katika matope ya madimbwi machache. Maji yakichepushwa juu kwa mashamba bila kipimo, dimbwi hukauka mapema. Mtoto aliyeumba mgongo wa mnyama huyu kwa mikono yake atauliza maji yamekwenda wapi, nasi watu wazima itatupasa kumjibu.

Na mkurungu nao vivyo hivyo. Ulikatwa sana kwa biashara ya ng'ambo, hata mwaka 2019 mataifa yakautia katika orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi husimamiwa.

Zamani watu wa nchi za Rukwa walifuma nguo za pamba yao wenyewe. Nguo za madukani zilipoingia, kazi ile ilififia, na ujuzi mwingi ukazikwa pamoja na wazee. Basi, wazee wa vijiji, waiteni walimu na vijana. Waambieni mti gani ulitoa rangi gani, na gome lilibanduliwaje upande mmoja tu ili mti usife. Nanyi vijana, andikeni majina hayo katika daftari mwezi huu huu, maana mzee hangojei mavuno ya mwakani.