Mwanafunzi na Pasipoti: Mambo ya Kujua Kabla ya Safari ya Ng'ambo



Mwaka huu katika jarida letu tumeona tulete somo ambalo halimo katika fiqhi wala tajwidi. Ni somo la karatasi. Kila mwaka wanajitokeza wanafunzi wanaotakiwa kusafiri nje ya nchi. Mmoja ameteuliwa kwenda kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, mwengine wazazi wake wamepata uwezo wa kumpeleka Umra, wa tatu anaitwa na ami yake aliyeko Muscat aende likizo. Furaha huwa kubwa, watu wakachanga, nauli ikapatikana. Kisha safari inakwama, na wala si kwa sababu ya pesa. Inakwama kwa herufi moja katika jina, au kwa cheti kilichokuwa hakijachukuliwa tangu mtoto azaliwe. Basi tulitazame jambo hili taratibu.

Pasipoti ni kitabu ambacho serikali ya nchi yako inawaambia watu wa nchi nyingine: huyu ni raia wetu, jina lake ni hili, amezaliwa siku hii. Si mali yako, ni mali ya serikali, wewe umepewa uitunze na kuitumia. Zamani watoto wadogo walikuwa wakiandikwa ndani ya pasipoti ya mama au baba. Utaratibu wa sasa wa kimataifa ni kila mtu na pasipoti yake, hata kama ni mtoto mchanga anayebebwa. Kwa hiyo msije mkadhani kwamba kwa kuwa unasafiri na mama, pasipoti ya mama inatosha.

Hapa kwetu Tanzania pasipoti inayotumika ni ya kielektroniki, iliyozinduliwa tarehe 31 Januari 2018. Ndani yake mna kifaa kidogo kinachohifadhi picha na taarifa za mwenyewe, na mashine za uwanja wa ndege hukisoma. Maombi huanzia kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji, kisha fomu huchapwa na kupelekwa ofisini pamoja na viambatanisho. Ada iliyotangazwa ilipozinduliwa ilikuwa shilingi 150,000. Si fedha ndogo kwa familia zetu, na ndiyo maana tunasema mtu ajiandae mapema kuliko kuja kukopa wiki ya safari. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hawezi kuomba peke yake. Anaombewa na mzazi au mlezi.

Jambo la kwanza litakaloulizwa ni cheti cha kuzaliwa. Hapa wengi huleta ile karatasi waliyopewa hospitali, nayo ni tangazo la kizazi tu, si cheti. Tangazo linaeleza kwamba umezaliwa mtoto. Cheti hutolewa baada ya kusajiliwa. Huku bara wanaohusika ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na Zanzibar wana wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii. Mtoto anatakiwa asajiliwe ndani ya siku 90. Zikipita siku hizo bado anasajiliwa, lakini utaratibu hubadilika, na ikipita miaka 10 huulizwa ushahidi mwingi zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha shule, cheti cha ubatizo kwa wenzetu Wakristo, viapo vya wazazi. Wanafunzi wetu wengi mna miaka 12, 13, 14. Yaani kama huna cheti, tayari umeshaingia katika kundi hilo la tatu. Mwambie baba leo, usingoje barua ya mwaliko.

Sasa tuje kwenye majina, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye matatizo yetu watu wa pwani.

Chukueni jina la Muhammad. Kwa Kiarabu ni herufi nne tu, mim, ha, mim, dal, na hakuna anayebishana. Lakini likiandikwa kwa herufi za kizungu linakuwa Muhammad, Mohamed, Mohammed, Muhamadi, Mohamedi. Masikioni mwetu yote ni jina moja. Vivyo hivyo Khadija na Hadija, Fatma na Fatuma, Ramadhan na Ramadhani, Abdallah na Abdulla. Mama anaandika hivi, mwalimu wa shule anaandika vile, karani wa zahanati naye ana lake.

Mashine haisikii, inasoma. Siku mkiona pasipoti, tazameni ukurasa wenye picha. Chini kabisa mna mistari miwili yenye herufi na tarakimu zilizosongamana, kila mstari una nafasi 44. Wa kwanza unaanza na herufi P, kisha TZA ambayo ni alama ya Tanzania, kisha jina la ukoo na majina mengine. Wa pili una namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya mwisho wa pasipoti. Mistari hiyo ndiyo inayolinganishwa na viza na tiketi. Tiketi ikiandikwa Muhammad na pasipoti ikisema Mohamed, yule kijana wa kaunta ya ndege hana mamlaka ya kusema "ni mamoja".

Tunamjua mwanafunzi mmoja wa mji wetu aliyekuwa na juzuu zote thelathini kifuani. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili, la kwake na la baba. Vyeti vya shule vilikuwa na matatu, limeongezwa la babu. Barua ya mwaliko ilikuja na majina matatu, na jina lake la kwanza likiwa limeandikwa kwa namna nyingine kabisa. Baba yake alizunguka wiki tatu, mara kwa wakili kuapa hati ya kiapo, mara kusahihisha cheti, mara kuomba waandaaji waandike barua upya. Pasipoti ilipatikana. Viza ilitoka siku mbili baada ya mashindano kufunguliwa. Kijana yule hakuwa na kosa lolote, wala hakuna ofisi iliyomuonea. Karatasi zake hazikukubaliana tu.

Kwa hiyo kanuni ni moja: cheti cha kuzaliwa ndicho mama wa karatasi zote. Kama cheti kimekosewa, kisahihishwe hicho kwanza, kisha vyengine vifuate. Kama cheti ni sawa, basi jina lako la shule, la madrasa, la mtihani na la pasipoti liandikwe kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, hata kama wewe unaona Muhammad inapendeza kuliko Mohamedi.

Kuna jambo jingine ambalo linatuumiza zaidi, nalo ni umri. Mashindano ya kimataifa ya Qur'ani, kama ya Dubai yaliyoanza mwaka 1997 na yale ya Makka ya Mfalme Abdulaziz yaliyoanza mwaka 1979, huweka ukomo wa umri. Basi wapo watu wazima wanaomshauri kijana apunguze miaka miwili ili aingie. Na wapo wengine wanaomwongezea binti wa miaka 15 akawa na 21 kwenye karatasi, ili apelekwe Ghuba kufanya kazi za ndani. Mvulana hupunguziwa, msichana huongezewa, na anayeandika ni mtu mwingine. Mnatuona hapa tunafundisha Qur'ani. Basi ni ajabu gani mtu akapande jukwaani kusoma maneno ya Mwenyezi Mungu ilhali ameingia kwa tarehe ya uongo! Kisheria nalo ni kosa: Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002 inamkamata anayetoa maelezo ya uongo ili apate pasipoti. Na tarehe ikishaingia kwenye mitambo ya Uhamiaji haifutiki kirahisi. Itakufuata kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye chuo utakachoomba.

Tukitoka hapo tunakuja kwenye idhini ya wazazi. Uhamiaji watataka kuona uthibitisho wa uraia wa wazazi na ridhaa yao kwa maandishi. Baadhi ya wanafunzi huona huu ni usumbufu. Usumbufu huu umewekwa kwa ajili yenu. Duniani kuna wazazi walioachana na mmoja akamchukua mtoto kimya kimya hadi nchi nyingine, mwenzake asimwone tena. Mwaka 1980 mataifa yaliandika mkataba mjini The Hague kwa ajili ya jambo hilo hilo. Baba akiwa melini au yuko Muscat, ridhaa yake hutafutwa mapema. Akiwa amefariki, huletwa cheti cha kifo. Na nyinyi mnaolelewa na bibi au mama mdogo, na mko wengi hapa madrasani, mlezi wenu anahitaji karatasi inayomtambua kuwa ni mlezi. Kumlea mtu miaka kumi ni jambo tukufu, lakini dirishani litaulizwa jambo la maandishi. Pa kuanzia ni ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya au mahakama.

Tuseme pia juu ya wale wanaokuja na ahadi. Atakuja mtu, pengine jirani, pengine mwenye maneno mazuri ya dini, aseme kuna masomo ya bure, au kuna familia inatafuta binti wa kukaa na watoto, pasipoti na tiketi juu yake. Muulizeni jina la chuo na barua ya chuo. Muulizeni kwa nini anataka umri ubadilishwe. Akisema "usimwambie mama kwanza", mazungumzo yameisha, njoo kwetu au nenda kwa mzazi siku hiyo hiyo. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inasema kwamba mtoto hata akikubali mwenyewe, kukubali kwake hakumwokoi yule aliyemsafirisha kwa nia ya kumtumikisha. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Malalamiko yaliyojirudia sana ni kwamba pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Hatusemi kwamba kila anayekwenda huko hudhulumiwa. Tuna ndugu zetu wengi wanaishi huko kwa heshima. Tunasema pasipoti ijulikane iko wapi na iko kwa nani.

Ukishaipata, mambo ya safari yenyewe si mazito. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai. Chanjo: kadi ya manjano ya homa ya manjano huulizwa na nchi kadhaa, na tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabiwa ya maisha. Anayekwenda Umra anatakiwa pia chanjo ya uti wa mgongo, na ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuwasili. Wanaokwenda Mombasa kwa kupitia Horohoro wasidhani kuwa si nje ya nchi kwa sababu wana shangazi kule. Hati ya kusafiria inahitajika.

Mtoto anayesafiri peke yake kwa ndege, mashirika mengi hayampokei akiwa chini ya miaka 5. Wa miaka 5 hadi 11 husafiri chini ya uangalizi wa wahudumu, na hilo liombwe wakati wa kukata tiketi. Jina la atakayempokea huandikwa, naye huonyesha kitambulisho kule. Wakubwa zaidi huhesabiwa kama abiria wa kawaida, ila wachukue barua ya ridhaa ya wazazi, maana afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza.

Piga fotokopi mbili za ukurasa wenye picha, moja ibaki kwa mama. Namba ya pasipoti ihifadhi kichwani. Aliyehifadhi sura ndefu hashindwi na hiyo. Ikipotea ugenini, nenda polisi upate taarifa ya upotevu, kisha ubalozi wetu. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi na Cairo, na kazi yao mojawapo ni kumpa raia aliyepoteza pasipoti hati ya dharura ya kurudia nyumbani.

Zoezi la somo hili mtalifanya nyumbani. Mwombe mzazi akuonyeshe cheti chako cha kuzaliwa, unakili majina na tarehe kama vilivyo bila kubadili herufi, kisha ulete karatasi hiyo madrasani. Daftari la majina litakuwa wazi kila Jumamosi baada ya alasiri, tulinganishe na kusahihisha. Asiyekuwa na cheti aandike "sina", nasi tutazungumza na mzazi wake.