Dondoo muhimu: Oili ya difu ya nyuma

Pikapu ya Kambu inayoacha lami ya Barabara ya Mombasa na kuvuka mito ya msimu iko hatarini: difu ikizama, maji hupenya kupitia kipumulio. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imwage leo, usingoje kilomita zitimie.

Endesha kidogo ipate joto. Egesha palipo tambarare, ukitumia stendi imara. Tafadhali, usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua kwanza nati ya kujazia, ile ya juu. Ikigoma baada ya kumwaga, gari haliendi popote. Kisha fungua ya chini umwage oili; ukiona vipande vya chuma ndani yake, muite fundi.

Funga nati ya chini, kisha jaza oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi GL-5, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Oili chafu isimwagwe shambani.