Kunde za Manjano Chini ya Mikorosho

Mvua zikishika, wengi kuanzia Kilwa Masoko hadi Mchinga mtapanda kunde, mbaazi au marejea katikati ya mikorosho ili kurutubisha ardhi. Kisha yatakuja malalamiko ya kila msimu: majani ya manjano, mimea imedumaa, na lawama zote anabebeshwa muuza mbegu. Mimi ningeanza na salfa.

Mikunde hainasi naitrojeni ya hewani peke yake. Kazi hiyo hufanywa na bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi, nao hulishwa sukari inayotoka kwenye majani. Udongo ukizidi tindikali, bakteria hao hupungua, na madini ya molibdeni wanayoyahitaji hayapatikani kwa urahisi. Sasa ukumbuke unga wa salfa tunaopulizia mikorosho wakati wa maua kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Sehemu kubwa huanguka chini, na vijidudu vya udongo huigeuza kuwa tindikali. Watafiti walikwishaliona hilo kwenye mikorosho ya kusini tangu miaka ya 1990, na mchanga wetu wa pwani hauna uwezo mkubwa wa kuihimili.

Sisemi uache salfa. Ubwiriunga ungekumalizia maua. Ila usipande mikunde chini ya matawi, ambako salfa ni nyingi na jua ni haba. Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 huacha nafasi ya kutosha kwa miaka mingi. Mwombe afisa ugani apime udongo kabla hujanunua chokaa ya kupunguza tindikali. Fosfeti ya Minjingu pia inafaa hapa, maana huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali, nayo mikunde hupenda fosforasi. Urea usiweke kabisa: mmea ukipata naitrojeni ya bure, hautahangaika kulisha vinundu.

Wiki ya sita hivi, chimbua mche taratibu kwa jembe, usiung'oe, maana vinundu vitabaki ardhini. Pasua kimoja. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu.

Kunde na marejea za mbolea fyeka zinapoanza kuchanua, kisha zifukie. Ukingoja punje, naitrojeni nyingi itapanda kwenye magunia. Mbaazi vuna tu, lakini majani yaliyopukutika yaache shambani, na moto wa kusafishia shamba mwaka huu usiuwashe.